Kukimbia ndani ya hifadhi ya asili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: mkimbiaji wa lami anayetaka kuonja porini kwa mara ya kwanza, na yule aliyezoea vijia vya msituni lakini hajawahi kukimbia mahali penye lango, kibali na askari wa wanyamapori. Majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja. Mtembeaji na mkimbiaji wanapita njia ileile, ila mkimbiaji anafika kabla mnyama hajapata habari zake. Sehemu kubwa ya masharti utakayowekewa inatokana na kasi hiyo.

Je, kukimbia kunaruhusiwa katika kila hifadhi?

Hapana, na usikisie kwa kuangalia jina lililoandikwa langoni. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, hugawa maeneo yaliyohifadhiwa katika makundi kuanzia Ia hadi VI. Ia ni hifadhi kali ambayo kwa kawaida huingiwa na watafiti na walinzi tu. Kundi la II ni la hifadhi za taifa zenye njia zilizotengwa kwa ajili ya wageni. Kundi la V ni mandhari ambayo watu wanaishi na kulima ndani yake. Hifadhi za taifa za Uingereza, kwa mfano, zimo kwenye kundi la V: zina vijiji, barabara na mashamba ya kondoo, na mkimbiaji hamshangazi mtu. Nenda kwingine penye jina hilohilo la hifadhi ya taifa, utakuta hata kushuka kwenye gari ni kosa, kwa sababu kuna simba.

Kwa hiyo ukifika langoni uliza njia ipi iko wazi kwa wanaokwenda kwa miguu, saa ngapi inafungwa, kama unaruhusiwa kuingia bila askari, na kama kuna kipande kilichofungwa msimu huu. Ramani ya simu haitakuambia hayo.

Na kibali?

Ukiwa peke yako au na rafiki, kiingilio cha kawaida cha mgeni mara nyingi kinatosha. Anayelipwa kuongoza wenzake, kikundi kikubwa, mashindano na droni vina utaratibu wao. Droni sehemu nyingi zimepigwa marufuku kabisa, na binafsi sioni cha kulalamikia hapo.

Nikikanyaga nje ya njia hatua mbili tatu, kutaharibika nini?

Hatua zako mbili tatu hazionekani. Zinazoonekana ni za yule anayekuja nyuma yako, ambaye ataona majani yamelala na kudhani njia inapita pale.

Angalia njia inayopanda mlima kwa kona kona. Aliyeichora aliifanya izunguke makusudi ili maji ya mvua yasipate mteremko mmoja mrefu wa kukimbilia. Kwenye kona yenyewe, upande wa ndani, mara nyingi utakuta kamstari kekundu ka udongo mtupu kanakounganisha juu na chini. Pale ndipo watu wanapokata. Mwanzoni ni majani yaliyolala. Baada ya msimu mmoja wa mvua ni kamfereji kenye upana wa kiatu, mizizi imeachwa wazi na mawe madogo yamerundikana chini. Baada ya misimu kadhaa maji yote ya kile kipande yanapita hapo, na hata njia halali ya chini inaanza kubomoka. Mkimbiaji anayeshuka kwa kasi ndiye mwenye kishawishi kikubwa cha kukata, maana kona zinamlazimisha apunguze mwendo kila baada ya sekunde chache.

Kuna mahali ambapo hata hatua moja ni nyingi. Katika nyanda kavu za jimbo la Utah nchini Marekani, kwenye hifadhi kama Arches na Canyonlands, uso wa udongo umefunikwa na gamba jeusi lenye vinundu. Gamba hilo ni kiumbe hai, mchanganyiko wa bakteria, mwani, kuvu na viumbe wengine wadogo wanaoshikilia mchanga usipeperuke. Ukilikanyaga linavunjika kama biskuti, na kupona kwake huchukua miaka mingi, pengine makumi ya miaka.

Sheria nayo haichukulii mkato kama utani. Mwezi Septemba 2024 mkimbiaji mmoja alipanda na kushuka mlima Grand Teton, Marekani, kwa muda ambao ungekuwa rekodi. Wakati wa kushuka alipita kijia cha zamani kilichofungwa ili kuzuia mmomonyoko. Mkondo wa safari yake (mchoro wa njia aliyopita, uliorekodiwa na kifaa chake) aliuweka mtandaoni mwenyewe, na hifadhi ikamfikisha mahakamani.

Njia imejaa matope. Nipite pembeni?

Pita katikati, uchafuke. Kila anayekwepa dimbwi kwa kupita ukingoni anaongeza upana wa dimbwi, na ndivyo kijia cha mtu mmoja kinavyogeuka kuwa na upana wa barabara ya gari. Kama hutaki kabisa viatu vilowe, basi mbio za porini zitakuchosha mapema. Na kama mvua imenyesha siku kadhaa mfululizo hadi mguu unazama kwenye kifundo, ahirisha au chagua njia yenye mawe.

Kwa nini naambiwa nisafishe viatu kabla ya kuingia?

Kwa sababu soli yenye meno hubeba udongo vizuri sana, na udongo haubebwi peke yake.

Mfano mkali uko New Zealand. Miti ya kauri inayoweza kuishi zaidi ya miaka elfu moja inakufa kwa ugonjwa unaoletwa na kijidudu cha udongoni, Phytophthora agathidicida. Kinaingia kwenye mizizi na kuizuia isipeleke maji na virutubisho juu, na mti ukishaugua hakuna dawa iliyothibitika kuuponya. Udongo wa ukubwa wa kichwa cha pini unatosha kukihamisha. Mwaka 2018 msitu wa Waitākere ulio karibu na jiji la Auckland ulifungwa kwa sehemu kubwa, na njia zilizofunguliwa baadaye ziliwekwa vituo vya kusugulia viatu kwa brashi na kupulizia dawa.

Sasa chukua kiatu chako cha jana ukigeuze. Juu juu kinaonekana kisafi. Ingiza kijiti kati ya meno ya soli, karibu na kisigino, uone kinachotoka: udongo ulioshikana, mchanga, pengine mbegu mbili tatu. Kagua ulimi wa kiatu, kamba na soksi pia, maana mbegu zenye ndoano hupenda soksi. Kama jana ulikuwa shambani au katika msitu mwingine, hiyo ndiyo mizigo unayotaka kuiingiza hifadhini. Sugua nyumbani kwa maji na brashi, acha viatu vikauke kabisa, halafu tumia kituo cha langoni kama kipo. Ukitoka, sugua tena.

Nikikutana na mnyama mkubwa nifanyeje?

Jambo la kwanza ni lile ambalo miguu yako haitaki: acha kukimbia.

Wanyama wanaowinda wana silika ya kufukuza kinachokimbia. Kwa chui, puma na jamii yao, simama, mgeukie uso kwa uso, jionyeshe mkubwa kwa kuinua mikono au koti, sema kwa sauti nzito, na rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Usiiname chini. Akishambulia, pigana. Mwezi Februari 2019, katika eneo la Horsetooth Mountain jimboni Colorado, mkimbiaji aliyekuwa peke yake alisikia kitu nyuma yake, akageuka na kukuta puma mchanga anamrukia. Alijeruhiwa usoni na mkononi, akapambana naye hadi akamnyonga. Alinusurika, ila hiyo ni bahati pamoja na udogo wa mnyama.

Dubu naye hashindwi kwa mbio; anakwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Hatari kubwa ni kumshtukiza kwa karibu, hasa jike mwenye watoto. Mwaka 2023 mkimbiaji aliuawa na dubu katika milima ya Trentino, kaskazini mwa Italia. Wenyeji wa maeneo ya dubu hupiga makofi na kuita kabla ya kona zisizoonekana mbele, na hubeba kiunoni dawa ya kumpulizia dubu badala ya kuificha ndani ya begi.

Tembo, nyati na viboko ni habari nyingine. Hawa hawakuwindi, wanakutoa njiani. Kutishana nao hakusaidii. Ukimwona kwa mbali, rudi ulikotoka kimya kimya, ukiangalia upepo usiipeleke harufu yako kwake. Ukiwa karibu mno, weka mti mkubwa au jabali kati yenu. Kiboko usimzibie njia ya kwenda majini. Na katika hifadhi ambako wanyama hawa wapo, kukimbia bila askari ni jambo la kuulizia kwanza hata kama hakuna kibao kinachokataza.

Kuhusu umbali, Yellowstone wameuandika waziwazi: mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, mita 23 kutoka kwa wanyama wengine kama nyati wa Amerika. Kama mnyama amebadilisha alichokuwa anafanya kwa sababu yako, kaacha kula, kainua kichwa, tayari uko karibu sana.

Nyoka je?

Wengi wanaumwa kwa kukanyaga au kuweka mkono wasikoona. Usiruke gogo moja kwa moja. Panda juu yake, angalia upande wa pili, ndipo ushuke. Ukiumwa, usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kubana damu. Vua pete na saa kabla uvimbe haujaanza, tuliza kiungo, punguza kujisogeza, na tafuta njia ya kufikishwa hospitali haraka.

Ndege wadogo wana shida gani na mimi? Nawapita tu.

Wapo ndege wanaotaga chini, kwenye changarawe au majani mafupi, bila kiota cha kueleweka. Ukimkaribia mmoja wao, mara nyingi atatoka mbio mbele yako huku akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, akipiga kelele. Unasogea, naye anasogea. Umbali kidogo mbele bawa linapona ghafla na anaruka zake. Alichofanya ni kukuondoa kwenye mayai. Mchezo huo unamgharimu: muda wote anaokuigizia, mayai yako wazi kwa jua na kwa kunguru. Mtembeaji mmoja kwa siku anavumilika. Wakimbiaji ishirini waliopishana dakika chache chache, haivumiliki.

Ndiyo maana vipande vya njia hufungwa msimu wa kutaga, hata kama kwa macho huoni chochote cha kulinda.

Naweza kukimbia usiku au alfajiri?

Ikiwa hifadhi inafungwa jua likizama, jibu limeshapatikana. Kama haifungwi, bado fikiria mara mbili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha spishi 62 za mamalia katika mabara sita, ulionyesha kwamba wanyama wanahamishia shughuli zao usiku ili kutukwepa sisi. Mchana tumeshauchukua. Kuingia na tochi ya kichwani saa nne usiku ni kuwafuata hata kwenye saa walizokimbilia.

Alfajiri na machweo ndizo saa ambazo wanyama wengi wanatembea na kuwinda. Mimi husubiri jua litoke vizuri. Baridi ya asubuhi haipotei kwa nusu saa.

Muziki masikioni?

Acha. Hutasikia mnyama, hutasikia jiwe linaloporomoka, wala mtu wa nyuma anayeomba njia. Spika ya begini ni mbaya zaidi.

Naweza kuja na mbwa?

Pale tu inaporuhusiwa, na kwa kamba fupi. Kwa swala au ndege, mbwa ni mwindaji, hata awe mpole kiasi gani kwako.

Nibebe nini kwa mbio fupi ya saa mbili?

Beba vitu vya kukaa, si vya kukimbia tu. Mkimbiaji huvaa kidogo kwa sababu mwili wake unatengeneza joto. Siku utakayoteguka kifundo cha mguu, joto hilo linakatika ndani ya dakika chache na fulana imelowa jasho.

Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 kwenye Msitu wa Mawe wa Mto Manjano mkoani Gansu, China, hali ya hewa ilibadilika ghafla: upepo mkali, mvua na mawe ya barafu. Wengi walikuwa na kaptula na fulana, na koti la kuzuia upepo halikuwa miongoni mwa vifaa vya lazima. Wakimbiaji 21 walikufa, akiwemo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji bora wa masafa marefu nchini humo. Kwa hiyo uzoefu haukukingi na baridi. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5, na upepo unaongeza yake.

Basi: koti jepesi lisilopitisha upepo na mvua, blanketi la dharura (lile jembamba linalong'aa), filimbi, simu yenye chaji, bandeji ndefu ya kufungia kifundo, tochi hata kama unatarajia kurudi mchana, maji na kitu cha kula zaidi ya unachohitaji. Vyote vinaingia kwenye kibegi cha mgongoni cha wakimbiaji na uzito wake husahaulika baada ya kilomita ya kwanza. Mwambie mtu njia unayopita na saa ya kurudi. Mtandao wa simu usiutegemee.

Maji kiasi gani?

Kunywa ukisikia kiu. Kujilazimisha kunywa kila wakati nako kuna hatari: maji yakizidi, chumvi ya sodiamu kwenye damu inashuka, mtu anachanganyikiwa, anatapika, na hali hiyo imeshaua wakimbiaji. Maji ya kijito, hata yawe maangavu, yachuje kwa kichujio au tumia vidonge. Ukiweza kuchemsha, yachemke dakika moja, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000.

Nitajuaje itanichukua muda gani?

Sahau mwendo wako wa barabarani. Kanuni inayotumiwa na chama cha kimataifa cha mbio za njia za asili, ITRA, ni kuongeza kilomita moja kwa kila mita 100 unazopanda. Njia ya kilomita 20 yenye mpando wa mita 1,000 ihesabu kama kilomita 30. Halafu ongeza kidogo kwa mizizi, mawe na mteremko mkali, ambao wanaoanza huudharau hadi mapaja yanapoanza kutetemeka. Ukihesabu vibaya utakuta lango limefungwa na askari wameanza kukutafuta.

Tukikutana na watembeaji, nani anampisha nani?

Wewe mwenye kasi. Ita mapema, "naomba kupita," punguza mwendo hadi kutembea, salimia, pita. Ukikutana na farasi au nyumbu wa mizigo, simama upande wa chini wa mteremko na uongee ili wakutambue kuwa ni mtu. Kwenye kijia chembamba baina ya wakimbiaji, anayeshuka humwachia anayepanda.

Haja kubwa?

Malizia langoni kama unaweza. Ikikubana njiani, nenda angalau mita 60 kutoka kwenye maji na njia, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, kisha fukia. Karatasi rudi nayo kwenye mfuko. Hifadhi nyingine hutaka urudi na kila kitu. Maganda ya ndizi na machungwa nayo ni takataka: yanakaa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, na yanawazoesha wanyama kutafuta chakula njiani. Kile kipande kidogo cha juu cha pakiti ya jeli (chakula laini cha wakimbiaji) huokotwa sana baada ya mashindano. Usikikate chote, kirarue kibaki kimeshikilia.

Mbona mashindano yanafanyika hifadhini wakati mimi nawekewa masharti yote haya?

Mashindano hubanwa zaidi. Western States, mbio za maili 100 huko California, hupita katika pori lenye ulinzi maalumu wa kisheria, na idadi ya wanaoanza imewekewa ukomo wa watu 369, haijalishi wangapi wameomba. Huko Lewa nchini Kenya, ambako mbio zimefanyika tangu mwaka 2000 ndani ya hifadhi yenye faru na simba, helikopta na ndege ndogo huangalia wanyama kutoka angani na askari wenye silaha hupangwa njiani. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa mwaka yenye watu na fedha nyuma yake. Ukija peke yako Jumamosi, hakuna helikopta.

Kuweka mkondo wa mbio zangu mtandaoni kuna ubaya?

Ukipita njia rasmi, hakuna. Ukipita kijia kisicho rasmi, umewachorea ramani wengine, na programu zinazoonyesha njia zilizopitwa sana zitakifanya kionekane halali. Usiuweke mkondo huo hadharani, au futa kipande hicho kwanza. Picha ya kiota, pango la wanyama au faru usiiweke pamoja na mahali ilipopigwa. Majangili nao wana simu.

Nimepotea au nimeumia na hakuna mtandao.

Simama, vaa koti kabla hujasikia baridi, kisha piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Usiku tumia tochi kwa mpangilio huohuo. Mlio mara tatu kwa dakika ni jibu kwamba umesikika. Namba 112 katika nchi nyingi hupita kwa mtandao wowote wa simu uliopo, hata usio wako, hivyo ijaribu hata simu ikionyesha huna mtandao. Usianze kushuka bondeni kufuata kijito. Mara nyingi kinaishia kwenye maporomoko.

Nimekuta mtego wa waya, au mnyama aliyejeruhiwa.

Usiguse wala usimsogelee. Mnyama aliyenaswa anaweza kukuua, na mtego ni ushahidi. Hifadhi nafasi ya mahali hapo kwenye saa au simu, piga picha moja ukiwa mbali, ondoka kwa njia uliyojia, na umpe taarifa askari wa kwanza utakayemwona. Kama kuna dalili kwamba aliyeutega bado yuko karibu, moshi au sauti za watu, usipige picha yoyote. Rudi langoni.